Namna ya kuingia katika kazi ya kupanga mazingira ya viwanja vya ndege vya kijeshi na kusimamia kelele zake

Mfugaji kuku aitwaye Causby, aliyeishi karibu na Greensboro katika jimbo la North Carolina, aliifungulia njia kazi inayoelezwa hapa, ingawa mwenyewe alitaka tu kulipwa hasara yake. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia ndege za jeshi la Marekani zilikuwa zikitua katika uwanja wa jirani kwa kupita mita 25 hivi juu ya ardhi yake, na mita 5 na nusu tu juu ya mti wake mrefu kuliko yote. Kuku walikurupuka kwa hofu wakajigonga ukutani. Siku nyingine walikufa sita hadi kumi, na jumla yao ilifika 150 hivi kabla hajaachana na ufugaji. Mwaka 1946 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua mambo mawili kwa pamoja: kwamba mwenye ardhi hamiliki anga yote iliyo juu yake hadi mbinguni, kama kanuni ya kale ilivyodai, lakini pia kwamba ndege zinazopita chini mno na mara kwa mara, hata ardhi ikashindwa kutumika, zimeitwaa ardhi hiyo, na serikali inapaswa kulipa fidia.

Mpangaji wa mazingira wa jeshi hufanya kazi katika nafasi iliyobaki kati ya maamuzi hayo mawili. Marubani lazima wafanye mazoezi na jirani lazima alale, na kuna mtu anayelipwa mshahara ili aseme kwa hesabu nani atasikia nini, mara ngapi na saa ngapi, kabla ndege mpya haijaletwa. Mwongozo huu unaihusu Marekani, ambako kazi hii ina sheria zake, ofisi zake na ngazi zake za mishahara, na umeandikwa kwa ajili ya msomaji wa Kiswahili anayeishi huko au anayekusudia kwenda kusoma. Wengi wanaoitamani kazi hii huanza kwa kuuliza ni programu gani ya kompyuta wajifunze. Kwa maoni yangu huko ni kuanzia mkiani, kwa sababu programu hukokotoa chochote inacholishwa, na kosa kubwa katika kazi hii karibu kila mara limo katika kile ilicholishwa.

Ijue kazi yenyewe kwanza

Kazi ina mikono miwili. Wa kwanza ni tathmini ya athari kwa mazingira, inayotokana na sheria iitwayo NEPA, iliyotiwa saini tarehe 1 Januari 1970. Jeshi linapotaka kuhamishia kikosi mahali fulani, kubadili aina ya ndege au kufungua eneo jipya la mazoezi angani, ni lazima lichunguze athari na kuzitangaza kabla ya kuamua. Jambo dogo huweza kuondolewa katika tathmini, la wastani huandaliwa tathmini fupi, na zito huandaliwa taarifa kamili. Marekebisho ya mwaka 2023 yaliweka ukomo wa kurasa 75 na mwaka 1 kwa tathmini fupi, na kurasa 150 na miaka 2 kwa taarifa kamili, au kurasa 300 pale jambo linapokuwa tata kupita kawaida. Viambatisho havihesabiwi, ndiyo maana wataalamu wa kelele husukumiwa huko nyuma, na ndiyo maana msomaji makini huanza kusoma kutoka nyuma. Taratibu za Wizara ya Ulinzi zilibadilishwa tena mwaka 2025, kwa hiyo usitegemee kitabu cha darasani kilichochapishwa kabla ya hapo bila kukilinganisha na toleo linalotumika.

Mkono wa pili ni mpango wa AICUZ, ulioanzishwa na Wizara ya Ulinzi mwaka 1973, unaoshughulikia matumizi ya ardhi nje ya ukuta wa kambi. Mpango huu hutazama kelele na pia ajali. Mbele ya kila ncha ya njia kubwa ya kurukia ya Jeshi la Anga huchorwa kanda tatu zenye upana wa futi 3,000, yaani mita 900 na ushei: ya kwanza, inayopaswa kubaki wazi kabisa, ina urefu wa futi 3,000, ya pili futi 5,000 na ya tatu futi 7,000. Ukizijumlisha unapata kilomita 4 na nusu hivi, kipande cha ardhi ambacho mara nyingi si cha jeshi. Hapo ndipo penye ugumu wa kazi, kwa kuwa kamanda hana mamlaka ya kumkataza mtu kujenga nyumba nje ya uzio wake. Mamlaka hayo yako kwa halmashauri ya mji au ya kaunti, na mpangaji wa kambi huenda mbele yao akiwa na ramani na hoja tu.

Anachoomba kwa kawaida ni kwamba nyumba za kuishi zisijengwe pale ambapo wastani wa kelele ni desibeli 65 na kuendelea, na kama halmashauri itaruhusu licha ya ushauri huo, basi nyumba zijengwe kwa namna ya kupunguza kelele ndani kwa desibeli 25 katika kanda ya 65 hadi 69, na kwa desibeli 30 katika kanda ya 70 hadi 74. Mji wa Virginia Beach ulijifunza uzito wa hoja hizo mwaka 2005, pale tume ya kufunga na kupanga upya kambi za kijeshi ilipoutishia kwamba ndege za kivita za kambi ya Oceana zingehamishiwa Cecil Field huko Florida kama mji haungezuia ujenzi katika kanda za ajali. Mji ulitunga sheria ndogo kabla mwaka haujaisha, kisha ukaanza kununua ardhi. Siku hizi ipo pia njia ya upole zaidi, iliyowezeshwa na sheria ya mwishoni mwa 2002, ambapo jeshi huchangia fedha na mashirika ya uhifadhi au serikali za mitaa ili mwenye shamba alipwe na shamba libaki shamba.

Ielewe hesabu kabla ya programu

Kipimo kikuu huitwa DNL, yaani wastani wa kelele wa saa 24 ambamo kila safari ya usiku huongezewa desibeli 10. Usiku wa kisheria huanza saa 4 usiku na kwisha saa 1 asubuhi. Kwa kuwa desibeli ni hesabu ya logi, nyongeza hiyo ina maana kwamba ndege moja ya usiku huhesabiwa kama ndege kumi za mchana. Jimbo la California huongeza na jioni, kuanzia saa 1 hadi saa 4 usiku, kwa adhabu ya desibeli 5 hivi.

Fanya zoezi hili kwa karatasi na kikokotoo cha simu. Chukua kelele yote ya ndege moja inayopita, ikikusanywa kana kwamba imetolewa ndani ya sekunde 1. Tuseme ni desibeli 100 penye paa la nyumba fulani. Ndege 20 zikipita mchana, unaongeza 10 mara logi ya 20, yaani 13, kisha unatoa 49.4, ambayo ni 10 mara logi ya sekunde 86,400 za siku nzima. Unapata 63.6. Nyumba iko nje ya mstari wa 65, na ofisa wa mipango atasema haina tatizo. Sasa ongeza ndege 2 tu baada ya saa 4 usiku. Hizo mbili ni sawa na 20, jumla inakuwa 40, logi yake mara 10 ni 16, na jibu ni 66.6. Nyumba imeingia ndani ya mstari kwa ndege mbili. Mtu anayeweza kueleza mfano huu kwa mkuu wa kikosi bila kutazama karatasi ameshavuka sehemu kubwa ya njia.

Programu zenyewe zipo na utazikuta kazini. NOISEMAP ndiyo ya kawaida kwa ndege zinazozunguka uwanja, MRNMAP ni ya njia za mazoezi na maeneo ya anga, PCBOOM ni ya mshindo wa ndege zinazozidi kasi ya sauti, na AEDT ni ya viwanja vya kiraia. Kontua za kelele, yaani mistari inayounganisha sehemu zenye kelele sawa, huhamishiwa kwenye mfumo wa ramani za kompyuta (GIS), kwa hiyo ujuzi wa GIS si wa hiari. Programu ya GIS iitwayo QGIS hupatikana bure, na mwezi mmoja wa kuitumia kwa bidii unatosha kwa kuanzia.

Jifunze kuuliza

Sasa tufike kwenye kiini. Kabla ya kontua hata moja kuchorwa, mtaalamu huketi na marubani, waongoza ndege na mafundi wa injini, na kuwauliza mmoja mmoja: mnaruka mara ngapi kwa mwaka, kwa njia ipi ya kurukia, kwa kimo gani, kwa kasi gani, injini ikiwa kwenye nguvu kiasi gani, na kwa saa zipi? Fundi huulizwa injini hujaribiwa wapi, ikielekea upande gani na kwa dakika ngapi. Majibu hujazwa katika majedwali, na majedwali hayo ndiyo kazi. Kama wewe ni mtu anayeona haya kumuuliza kanali swali lile lile mara ya tatu, jizoeze mapema.

Mitego ni mingi, lakini mitatu hujirudia. Wa kwanza ni neno linalomaanisha safari moja. Mnara wa kuongozea ndege huhesabu kuruka kuwa tukio moja na kutua kuwa tukio jingine, kwa hiyo ndege inayogusa njia na kupaa tena imehesabiwa mara mbili. Rubani akikuambia anafanya mizunguko kumi na wewe ukaandika matukio kumi, umepunguza nusu ya kelele, yaani desibeli 3, na hakuna programu itakayokushtua.

Wa pili ni siku ya wastani. Safari za mwaka zikigawanywa kwa siku 365 hutoa namba moja, zikigawanywa kwa siku 260 ambazo kikosi kinaruka kweli hutoa nyingine, na tofauti yake ni desibeli 1 na nusu hivi. Ramani mbili za kambi moja zinaweza kutofautiana kwa sababu hiyo tu, wakati wananchi wanadhani jeshi limewaficha kitu. Andika ni siku gani umetumia, na uiandike mahali inapoonekana.

Wa tatu ni giza. Mazoezi mengi ya usiku huhitaji giza halisi, si saa ya ukutani. Katika jimbo la Washington, kaskazini kabisa, mwezi Desemba giza huwa limeshaingia saa 11 jioni, na kikosi kinaweza kumaliza mazoezi ya usiku bila kugusa saa za adhabu. Mwezi Juni jua huzama baada ya saa 3 usiku, na mazoezi yale yale huangukia baada ya saa 4. Ukimuuliza rubani kwa mwezi mmoja tu kisha ukazidisha mara 12, umekosea.

Zungumza na aliye chini ya njia

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mwananchi anayesimama katika mkutano wa maoni na kusema kwamba yeye hasikii wastani, anasikia ndege, anasema kweli kabisa, na jibu baya kuliko yote ni kumrudishia wastani. DNL iliwekwa kwa ajili ya kupanga ardhi, kazi inayoifaa vizuri. Haielezi usiku mmoja wa wiki ya mazoezi. Kwa hiyo jizoeze kutoa pia vipimo vya ziada: kilele cha kelele, idadi ya matukio yanayozidi kiwango fulani kwa siku, dakika ambazo mwalimu hawezi kusikika darasani, na uwezekano wa mtu kuamshwa usingizini.

Unapaswa kujua pia kwamba mstari wa 65 wenyewe unabishaniwa. Kwa miongo kadhaa serikali ilitumia mchoro uliokubaliwa na kamati yake mwaka 1992, unaoonyesha kwamba katika desibeli 65 asilimia 12 hivi ya watu hukerwa sana. Januari 2021 mamlaka ya usafiri wa anga ya kiraia ilichapisha uchunguzi wa watu zaidi ya 10,000 karibu na viwanja 20 vya kiraia, na katika kiwango hicho hicho waliokerwa sana walikuwa kama theluthi mbili. Wakazi wanaohudhuria mikutano wameusoma uchunguzi huo, na mpangaji aliyeusikia kwa mara ya kwanza kutoka kwao hatasikilizwa tena jioni hiyo.

Kesi ya kusoma kwa makini ni ya kambi ya Jeshi la Majini ya Whidbey Island, Washington. Machi 2019 jeshi liliamua kuongeza ndege 36 aina ya Growler, ambazo marubani wake hufanya mazoezi ya kutua kana kwamba wako juu ya meli, wakizunguka chini chini tena na tena katika uwanja mdogo karibu na mji wa Coupeville. Agosti 2022 mahakama ya shirikisho iliona kwamba tathmini ilikuwa na kasoro: haikuonyesha msingi wa hesabu za gesi joto, haikupima kwa idadi athari za kelele kwa watoto darasani, haikuchunguza vya kutosha athari kwa kila aina ya ndege wa mwituni, na haikulipa uzito wa kutosha wazo la kuhamishia ndege El Centro, California. Angalia kwamba hakuna hata moja kati ya kasoro hizo inayotibiwa kwa kununua programu bora ya kukokotoa kelele.

Milango ya kuingilia

Hakuna shahada moja ya kazi hii. Wanaoingia hutoka katika sayansi ya mazingira, mipango miji, jiografia, uhandisi na fizikia ya sauti. Anayetaka kubobea katika sauti yenyewe atazame Chuo Kikuu cha Penn State, chenye programu ya uzamili na uzamivu wa akustiki, au Chuo Kikuu cha Mississippi chenye kituo cha taifa cha akustiki. Kwa walio wengi, shahada ya mazingira au ya mipango, pamoja na kozi moja ya sauti, moja ya takwimu na mbili za GIS, ni mchanganyiko unaofaa zaidi sokoni, kwa sababu hata katika ofisi ya kelele utaombwa kuandika sura za maji, wanyama na mambo ya kale. Baadaye wapangaji hutafuta cheti cha AICP, yaani cha taasisi ya wapangaji waliothibitishwa, na wahandisi wa kelele hujiunga na INCE, taasisi ya wahandisi wa kudhibiti kelele.

Mlango wa serikali hupitia tovuti ya USAJOBS. Tafuta kwa namba, si kwa jina la kazi: 0028 ni wataalamu wa ulinzi wa mazingira, 0020 ni wapanga mipango ya jamii, 0819 ni wahandisi wa mazingira. Shahada ya kwanza humwingiza mtu ngazi ya mshahara wa serikali iitwayo GS-5, au GS-7 kwa matokeo mazuri, na ya uzamili GS-9. Uraia wa Marekani huhitajika karibu kila mara. Kama ulisoma Dodoma, Nairobi, Makerere au Lubumbashi, vyeti vyako ni lazima vitathminiwe na taasisi inayotambulika kabla ya kuomba. Watu huliacha hilo hadi wiki ya mwisho, na tangazo hufungwa bila wao. Januari 2025 ajira mpya za kiraia za serikali kuu zilisimamishwa, na mwaka huo huo ukomo wa wasifu ukawa kurasa 2, kwa hiyo yale maandishi marefu yaliyokuwa desturi ya maombi ya serikali hayafai tena.

Mlango wa kampuni za ushauri ni mpana kidogo kwa mgeni mwenye ukaazi wa kudumu, kwa sababu kampuni binafsi hailazimiki kuajiri raia peke yao, ingawa baadhi ya mikataba ya kijeshi huhitaji kibali cha usalama ambacho asiye raia hapewi. Huko utaanza kwa kazi isiyo na sifa: kupanga maelfu ya maoni ya wananchi, kuhakiki majedwali, kubeba vipima sauti porini. Ichukue. Aliyesoma maoni 3,000 ya watu wa kata moja anaifahamu kata hiyo kuliko meneja wa mradi. Mlango wa tatu ni jeshi lenyewe, ambalo huandikisha wenye ukaazi wa kudumu katika vyeo vya chini. Aliyetumikia katika uendeshaji wa uwanja wa ndege huja akiwa tayari anaijua lugha ya marubani.

Kwa anayefikiria kurudi nyumbani, ujuzi huu unasafiri, ila kwa majina mengine. Kenya ina kanuni za kelele na mitetemo za mwaka 2009, na mamlaka yake ya mazingira, NEMA, husajili wataalamu wa tathmini. Tanzania ina Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 na utaratibu wake wa kusajili wataalamu. Kambi ya anga ya Moi jijini Nairobi imezungukwa na Eastleigh na mitaa mingine ya makazi, na wakazi wa Kipawa walihamishwa kupisha upanuzi wa uwanja wa Julius Nyerere. Aliyewahi kuchora kanda za ajali ataona mara moja ni maswali gani hapo yalistahili kuulizwa miaka mingi nyuma.

Kabla ya kutuma ombi la kwanza, andaa kitu kimoja cha kuonyesha. Chagua taarifa kamili ya tathmini ya kambi yoyote iliyochapishwa, nenda moja kwa moja kwenye kiambatisho cha kelele, tafuta jedwali la idadi ya safari za mchana na usiku, kisha chagua sehemu moja inayopimwa, kwa mfano shule, na ujaribu kuifikia namba yao kwa lahajedwali lako kwa njia ile ya desibeli 100 na 49.4. Mara nyingi hutaifikia sawasawa. Andika ukurasa mmoja unaoeleza tofauti imetoka wapi, iwe ni njia za ndege zilizosambaa, nguvu ya injini au siku ya wastani waliyoitumia, na uende na ukurasa huo kwenye usaili.